Nyumba za Kale za Uganda: Zinasema Nini, na kwa Lugha Gani?

Kila mwaka, muhula unapokaribia kwisha, mabasi ya shule huonekana yakipanda mlima wa Kasubi na kusimama mbele ya jumba la makumbusho la Kitante mjini Kampala. Wanafunzi hushuka na madaftari yao, hupangwa mistari, hupitishwa vyumbani upesi upesi, kisha hurudishwa mabasini. Kesho yake mwalimu hupokea insha arobaini ambazo kwa hakika ni moja: tulikwenda, tuliona, tulifurahi, tulirudi. Sisi tuliosahihisha insha za namna hiyo kwa miaka mingi twajua kwamba kosa si la watoto. Hakuna aliyewafundisha kuisoma nyumba.

Tunasema kuisoma nyumba kwa makusudi. Nyumba ya kale ni kama kitabu. Ina mtungaji wake, ina msomaji aliyekusudiwa, ina sura zilizoandikwa kwa wino mzito, na aghalabu ina kurasa zilizochanwa. Mhakiki wa riwaya huuliza: ni nani anayesimulia, anamsimulia nani, na ni nani aliyenyamazishwa? Maswali hayo hayo yafaa kuulizwa kaburini, ngomeni na katika jumba la makumbusho. Katika makala haya twajaribu kuyauliza juu ya mahali patano katika nchi yetu ya Uganda, tukiwa walimu wa lugha na si wataalamu wa mambo ya kale. Tutaonyesha kwamba jambo hili latuhusu sana sisi tunaofundisha Kiswahili, kuliko tulivyozoea kudhani.

Tuanze na jumba la makumbusho la taifa. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1908, yakawekwa kwanza katika ngome ya Lugard, Kampala ya zamani. Baadaye yalihamia Makerere, na mwaka 1954 yakaingia katika jumba la sasa, lililobuniwa na Ernst May, msanifu majengo kutoka Ujerumani. Lakini historia iliyo nzito zaidi imo katika jina ambalo Waganda waliyapa makumbusho hayo tangu mwanzo: Enyumba ya Mayembe. Mwalimu wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba mayembe ya Kiganda ni ndugu wa pembe zetu. Ni pembe za wanyama zilizotiwa dawa, zikaaminika kuwa na nguvu. Basi watu walipoitazama nyumba ile mpya ya Wazungu hawakuona nyumba ya elimu. Waliona ghala la vitu vitakatifu vilivyoondolewa mikononi mwa wenyewe. Kwa maneno mawili tu walikwisha kuihakiki nyumba ile, na uhakiki wao ulikuwa wa haki.

Tangu wakati huo jumba limebadilika. Mkusanyo wake wa ala za muziki, ambao Klaus Wachsmann aliushughulikia sana katika miaka ya 1940 na 1950, ni hazina ya kujivunia. Mtu aliyesikia ngoma na zeze zikipigwa hawezi kuviona tena vyombo hivyo kuwa vipande vya miti tu. Hata hivyo, swali la mayembe halijaondoka. Masalio ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalipelekwa Cambridge mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa mkono wa mmisionari John Roscoe, yakarudishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mwezi wa Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kikaleta Kampala vitu vingine 39. Tulifurahi, na ni haki kufurahi. Lakini vitu hivyo vililetwa kwa mkopo wa miaka mitatu ya kwanza, mkopo unaoweza kuongezwa. Mwenye mali ameazimwa mali yake mwenyewe! Mwanafunzi anayesimama mbele ya vitu hivyo hana budi kuelezwa habari hii, maana ndiyo sehemu ya maana ya kitu anachokitazama. Kibao kinachotaja jina la chombo, kabila la waliokitengeneza na mti uliotumika, kisiseme kilipokuwa kwa zaidi ya miaka mia moja, kimesema kweli nusu.

Kutoka Kitante twende Kasubi. Nyumba kuu ya hapo, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza iwe jumba lake la kifalme. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na baada yake wakazikwa Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Edward Mutesa wa Pili. Wawili kati ya hao walifia ugenini: Mwanga uhamishoni visiwani Shelisheli mwaka 1903, na Mutesa wa Pili mjini London mwaka 1969. Mifupa yao ilirudishwa nyumbani baada ya miaka kupita. Ndani ya nyumba hiyo, pete 52 za matete zilizofungwa chini ya paa huwakilisha koo 52 za Buganda, na pazia la nguo za magome ya mti wa mutuba hutenga mahali pa walio hai na mahali pa wafalme, ambao hawasemwi kuwa wamekufa. UNESCO ilipaingiza Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ikateketea kwa moto.

Ujenzi mpya ulichukua miaka mingi, na mwezi wa Septemba 2023 Kasubi ilitolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Baadhi ya wenzetu wameuliza: je, iliyosimama sasa ni nyumba ya kale au ni mfano wake tu? Swali ni zuri, lakini twaona limejengwa juu ya mawazo ya watu wa mawe. Nyumba ya mawe hukaa, na waliojua kuijenga wakasahauliwa. Nyumba ya nyasi haikai bila watu. Paa la Kasubi tangu zamani halikuwahi kuwa na nyasi zile zile kwa kizazi kizima. Liliezekwa na kuezekwa tena, na kazi hiyo ni haki na wajibu wa watu wa ukoo wa Ngeye. Kilichorithiwa ni mikono ijuayo kuezeka, nyimbo, miiko na mpangilio wa koo, kuliko nyasi zenyewe. Kwa hiyo kilichotisha katika moto ule ni hatari ya kukosa vijana waliojifunza kazi hiyo kwa wazee wao. Lugha nayo ni vivyo hivyo: haihifadhiwi kabatini, huhifadhiwa vinywani. Mwalimu wa lugha akienda Kasubi asikose kuwaambia wanafunzi wake hivyo.

Sasa twafika penye jambo linalotugusa zaidi. Wakati fulani tuliwapeleka wanafunzi wetu katika mojawapo ya nyumba za kumbukumbu za nchi hii, ambayo hatuna haja ya kuitaja. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza, kwa Kiswahili safi, lugha hii ilifikaje Uganda. Mtembezaji wageni alimjibu kwa Kiingereza kwamba Kiswahili kililetwa na askari. Watoto wakacheka. Msichana aliandika jibu daftarini, akanyamaza.

Jibu lile halikuwa uongo. Serikali ya kikoloni ilitumia Kiswahili kuwaamrisha askari wake, jeshi likakirithi, na katika miaka ya vitisho wananchi wengi wa Uganda waliisikia lugha hii kwanza kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Idi Amin alipoamuru mwaka 1973 Kiswahili kiwe lugha ya taifa, hakukisaidia kupendwa. Mzee anayekunja uso akisikia Kiswahili hatuna haki ya kumdhihaki. Ana sababu yake. Lakini jibu la nusu, likitolewa na nyumba ambayo kazi yake ni kutunza kumbukumbu, huwa hukumu. Linamwambia mtoto kwamba lugha anayoipenda haina ukoo katika nchi yake.

Kweli yenyewe imezikwa Kasubi. Mfanyabiashara kutoka pwani, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika ikulu ya Kabaka Suna wa Pili mwaka 1844, muda mrefu kabla ya Mzungu wa kwanza kuiona Buganda. Mutesa wa Kwanza, mwana wa Suna, alijifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu na kuzungumza Kiswahili, na vijana wa ikulu wakajifunza pamoja naye. Stanley alipofika mwaka 1875, maneno ya Biblia yaliyofasiriwa kwa ajili ya Mutesa yalifasiriwa kwa Kiswahili, kwa msaada wa Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, ambaye alibaki ikulu akawa mwalimu na mwandishi wa barua. Athari za siku hizo zimo katika Kiganda mpaka leo: ekitabo, ebbaluwa, ekkalaamu, emmeeza, essaawa. Tazama maneno yenyewe ni ya namna gani: kitabu, barua, kalamu, meza, saa. Hayo ni maneno ya darasani na ya mezani pa mwandishi, wala hakuna bunduki hata moja kati yake.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kuficha ukurasa unaomchukiza. Wafanyabiashara wale wa pwani hawakuja na vitabu peke yake. Walileta nguo na bunduki, wakachukua pembe za ndovu, na wakachukua watu. Tukitaka nyumba za kumbukumbu zitaje kalamu za pwani, hapana budi zitaje na minyororo. Na kuna ukurasa mwingine. Ndani ya nyumba ile ile anamolala Mutesa aliyekijua Kiswahili, analala na mjukuu wake Daudi Chwa, aliyekikataa. Gavana Gowers alipopendekeza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika shule na serikali, Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929. Hakufanya hivyo kwa ujinga. Watu wake walihofia kwamba Kiganda kingedharauliwa, na kwamba lugha moja ingekuwa daraja la kuiunganisha Uganda na Kenya chini ya nguvu ya masetla. Ni babu na mjukuu, chini ya paa moja, na hoja mbili zinazopingana juu ya lugha yetu. Mwalimu wa Kiswahili angetaka mjadala gani bora kuliko huo kwa wanafunzi wa kidato cha nne?

Twende kaskazini, Patiko, karibu na mji wa Gulu. Hapo, juu ya miamba, Samuel Baker, akiwa mtumishi wa Khedive wa Misri, alijenga ngome mwaka 1872. Kabla yake mahali hapo palitumiwa na wafanyabiashara wa watumwa kutoka Khartoum. Ni mahali pa huzuni, na mawe yake hayahitaji mapambo ya maneno. Ila neno moja linalotumika sana katika masimulizi ya huko lahitaji kusahihishwa, nalo ni "Waarabu". Wasikilizaji wengi, wakisikia kwamba Waarabu waliwateka Waacholi, hufikiri mara moja juu ya Unguja na Waswahili. Biashara ya Patiko ilishuka na mto Nile kwenda Sudan na Misri. Haikupitia Tabora wala Bagamoyo. Wenyeji wa Khartoum na wenyeji wa pwani walikuwa watu mbalimbali, wenye lugha mbalimbali na njia mbalimbali. Hatusemi hivi ili kuwatakasa wa pwani, maana tumekwisha kutaja minyororo yao. Twasema kwamba dhambi nayo ina anwani yake, na nyumba ya kumbukumbu inayokosea anwani huwafundisha watoto kumchukia jirani asiyehusika na kumsahau aliyehusika.

Mparo, karibu na Hoima, ni kaburi la Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mfalme huyu alipigana na Waingereza miaka mingi, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Mwanga, akapelekwa Shelisheli. Aliporuhusiwa kurudi hakufika kwao. Alifariki njiani, Mpumudde, karibu na Jinja, tarehe 6 Aprili 1923, na hilo jina Mpumudde maana yake ni "nimepumzika". Nje ya nyumba ya kaburi lake limesimamishwa jiwe la kukumbusha kwamba hapo Kabalega alikutana na Emin Pasha mwaka 1877. Mgeni amewekewa jiwe mlangoni mwa mwenyeji. Hatupendekezi jiwe liondolewe, kwa kuwa mkutano ule ni historia. Bali mwalimu awaulize wanafunzi: ikiwa jiwe moja latukumbusha siku moja ya mgeni, ni mawe mangapi yangehitajika kwa miaka ya vita ya mwenyeji? Swali kama hilo halina jibu katika kitabu cha kiongozi, na ndiyo maana lafaa.

Mahali pa mwisho ni Namugongo. Kila tarehe 3 Juni umati wa watu hukusanyika hapo kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Mwanga. Wakatoliki 22 kati ya mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, na ndugu zao Waanglikana nao wana mahali pao hapo hapo. Wasiojulikana sana nje ya jamii yao ni vijana Waislamu, watumishi wa ikulu, waliouawa katika miaka ya 1870 kwa amri ya Mutesa kwa sababu walikataa nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yao. Wao walikuwa wanafunzi wa walimu wa pwani. Heshima ya mashahidi wa 1886 haipungui hata kidogo tukiwataja waliotangulia. Kinyume chake, huonekana kwamba ikulu ya Buganda ilikuwa na vijana wa dini zaidi ya moja walioshika neno lao mpaka kufa, na kwamba ukatili wa wafalme haukuchagua msikiti wala kanisa.

Sasa tutoe hukumu yetu. Nyumba hizi zote zina thamani kubwa, na watu wanaozilinda, mara nyingi kwa malipo madogo, wanastahili shukrani. Kasoro tunayoiona ni moja yenye sura mbili. Sura ya kwanza ni kwamba masimulizi mengi humwelekea mgeni kutoka nchi za mbali. Ndiyo maana vibao vya Kiingereza huwa vingi, na mkulima wa kijiji cha jirani akiingia hukuta nyumba ya babu yake ikisema na mtu mwingine. Sura ya pili ni kwamba Kiswahili, kikitajwa, hutajwa kama mgeni wa jana, ilhali kilikuwa shahidi wa mengi yaliyotokea humo. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikaruhusiwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kuitekeleza nia hiyo na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Sheria hizo hazitamfaa yule msichana wetu endapo nyumba za taifa lake zitaendelea kumwambia kwamba lugha hiyo haina kwao hapa.

Hatudai Kiswahili kivae joho la Kiingereza. Kasubi na izungumze Kiganda kwanza, Mparo Kinyoro, Patiko Kiacholi. Hofu ya Daudi Chwa ilikuwa na msingi, na sisi tukiipuuza tutakuwa tumemthibitishia kwamba alisema kweli. Kiswahili na kisimame pembeni ya lugha ya mwenyeji, kimweleze Mganda habari za Patiko, na kimweleze Mwacholi habari za Kasubi. Hiyo ndiyo kazi yake ya asili: kuwapatanisha majirani bila ya kumnyang'anya mmoja wao sauti.

Lakini kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, tujitazame wenyewe. Ni sisi tuliowaamuru watoto kunakili vibao, na ni sisi tuliotoa alama nzuri kwa "tulikwenda, tuliona, tulifurahi". Basi safari ijayo tufanye hivi. Kabla ya kwenda, kila mwanafunzi aandike swali moja ambalo hajui jibu lake. Akifika, aandike jambo moja alilotarajia kuliona asilione, maana ukimya nao ni maandishi. Akirudi, aandike kwa Kiswahili maelezo ya kitu kimoja, kwa maneno yasiyozidi mia moja, kana kwamba ndiyo yatakayobandikwa kando ya kitu hicho. Kisha tuwapelekee wahifadhi maelezo yaliyo bora, kwa adabu, kama zawadi. Huenda baadhi yao wakayapokea.

Ama yule msichana, tulimrudia njiani tukiwa ndani ya basi, tukamsimulia habari za Mutesa, Dallington Maftaa na yale maneno matano ya Kiganda. Alilichukua daftari lake. Hakulifuta jibu la askari, ila aliandika chini yake: "Na walimu." Tulimwambia kwamba amesahihisha vizuri. Wahenga walinena kuuliza si ujinga, nasi twaongeza kwamba kunyamaza mbele ya jibu la nusu hakumpasi mwalimu.